Majina ya Kanda

Programu iliuliza: Kanda ya kwanza iitweje?
Nikamsomea mama. Alikuwa anang'oa ndago,
kisogo kwangu, kanga kaifunga kiunoni kwa kamba ya nyavu.
"Si ulisema mashine ina akili?
Mbona haijui hapa ni wapi?"

Tangi tulikuwa tumeshalipandisha juu ya jiwe:
lita elfu mbili, vijana sita, kreti moja ya soda.
Jiwe lile lile la Kayenze
ambalo babu alilitukana maisha yake yote
kwa kumlia robo eka.
Sasa lina kazi. Pampu ya sola inasukuma mchana,
usiku maji yanashuka yenyewe,
kila mche na tundu lake, kila tundu na tone lake,
na hakuna anayebeba ndoo.

Kihisio nilikichomeka penye nyanya.
Mama akakizunguka mara mbili.
"Msumari huu ndio utaniambia mimi udongo una kiu?"
Akazamisha kidole cha shahada, akakitoa, akanusa.
"Arobaini," akasema, kwa mzaha.
Simu ikasema thelathini na nane.
Hakucheka. Alifuta kidole kwenye kanga
akaomba kuiona vizuri hiyo simu.

Haya, majina.
La kwanza, chini ya jiwe: Matusi ya Babu.
La pili, kwenye vitunguu: Deni la Masalu,
maana Masalu alikopa mbegu, akakimbilia dhahabu Geita,
na mpaka leo analipa kwa salamu.
La tatu, akanyamaza kidogo,
andika Nyanzobe Alianguka Hapa na Mimba.
Mama, herufi mwisho ishirini.
"Basi andika Alianguka.
Mwenyewe akipita atajua."
Na la nne, kule bondeni,
ambako mwaka ule ziwa lilipanda
likalala na kabichi zetu miezi mitano?
"Hiyo usiipe bomba wala jina.
Mwenye nayo anaijua njia."

Mimi niko mjini, kiwanda cha samaki, zamu ya usiku,
nachuna sangara ngozi hadi kunakucha.
Simu hairuhusiwi; yangu inaishi ndani ya buti.
Saa kumi alfajiri inatetemeka kwenye kifundo cha mguu:
Deni la Masalu: unyevu 22. Fungua maji?
Naomba ruhusa ya kwenda msalani.
Vidole vimekufa kwa barafu, kioo hakivitambui,
basi nabonyeza Ndiyo kwa ncha ya pua.
Msimamizi, Bwana Kulwa, anaamini nina tumbo sugu.
Ameniletea mwarobaini kwenye chupa ya maji. Nakunywa.

Kisha ikaja ile Jumanne.
Kila kitu kijani kwenye kioo.
Pampu: inafanya kazi. Hali: nzuri.
Mama akapiga saa nne asubuhi, nikiwa usingizini.
"Nzuri ya nani?"
Akaisogeza simu kwenye pampu nisikilize:
inakoroma, inameza hewa.
Usiku upepo ulikuwa umeleta gugu maji,
kisiwa kizima, na maua yake ya zambarau,
kikaketi juu ya mdomo wa bomba.
Nikabonyeza Zima. Hicho tu ndicho nilichoweza,
kilomita zote hizo, shuka kichwani.
Yeye aliingia ziwani hadi kiunoni na panga,
miaka sitini na mitatu,
simu kaiacha juu ya ndoo, haijakatwa,
nami nikasikiliza majani yakikatika,
maji yakipigwa,
na mama akimsema mtu nisiyemjua,
labda babu, labda programu.

Jioni ikauliza tena, kwa adabu zake:
Je, umeridhika na huduma? Chagua nyota.
Nikampigia.
"Ziko ngapi?"
Tano.
"Mpe moja."
Kimya. Nikasikia anatembea matutani,
anainama, anainuka.
"Ngoja. Mpe mbili.
Vitunguu vya Masalu vimesimama."