Ganda la Shaba

Bunduki ilikwenda na serikali
mwaka ule kuwinda kulipoharamishwa.
Famau alitia dole gumba, akarudi Witu mikono mitupu,
ila risasi moja ya tatu-sufuri-tatu
ndani ya pindo la kikoi.

Mkahawani, askari wa wanyamapori wakisifu risasi mpya,
kasi yake, umbali wake,
yeye hupuliza kahawa:
"Yangu ilikuwa nzito, haina haraka.
Ilinilazimu ninyemelee hadi nione masikio ya pongo yakitikisika.
Na nyama ilibaki nyama."

Jana nilimkuta mkewe, shangazi Mwanaesha,
akichovya kijiti kwenye ganda lile la shaba,
baruti imemwagwa zamani,
akijipaka wanja.
"Bado haijakosa," alisema,
na jicho moja akalifumba.