Kadi ya Jumanne

Jumanne, Wete, saa moja asubuhi,
hatujanywa hata chai.
Nesi Salhina ananitoboa kidole:
"Kumi na nne, Bi Mkasi! Jana umekula nini?"
Nasema samaki. Ile halua ya hitima
naiacha moyoni.

Dada yangu Time yuko Maskati.
Kwao, anasema, kipimo hubandikwa mkononi
na serikali hulipa.
Mwanangu Mombasa hununua mwenyewe:
chupa moja, nusu ya kodi ya chumba.

Mimi sina friji. Insulini yangu hulala mtungini,
juu ya mchanga mbichi,
wajukuu wamekatazwa kugusa.

Rajabu dirisha la dawa lilifungwa siku tisa.
Nikanywa maji, nikenda chooni, nikanywa tena,
macho yakaingia ukungu.
Siku ya kumi vespa ikalia uani, Gando:
Salhina, na chupa mbili kwenye chai-jagi ya barafu.
"Zimetoka Mkoani. Usiniulize nimezipataje."

Time akiuliza tena, "Na yenu inakupa nini?"
nitamwambia: kadi iliyokatika pembe,
kidole kinachowasha,
siku nyengine dawa, siku nyengine dirisha,
na mtu mmoja
anayejua kuwa nimekula halua.