Chapa

Nilikipata mnadani, ndani ya soksi ya sufu.
Bwana Fougerolle hakuuliza bei.
Alikikunjua, kikaitika: ta.
Akapaka shingo ya ubapa mafuta ya taa,
tukangoja kutu ilegee.

Chini ya lenzi: kengele, nusu ya taji,
herufi iliyolika. B, au R, au nane.
"Kengele hii," akasema, "waliipiga watatu:
baba, mwana, na mkwe aliyefilisika.
Miaka sabini, chapa ile ile.
Chuma hakisemi zaidi ya kilichoambiwa."

Basi, nikasema, nirudishie.

Lakini bamba moja la pembe lilicheza;
akalibandua kwa ncha ya sindano,
na humo, katika gundi iliyokauka,
unywele. Mweupe, mfupi, mgumu.

Hapa Thiers wasaga makali walilala kifudifudi
juu ya gurudumu, maji ya Durolle yakinguruma chini,
na kila mmoja na mbwa wake,
kamlalia miguuni, wanagawana joto.

Akafungua daftari, akaandika polepole:
Mwaka: haujulikani.
Fundi: hajulikani.
Akalamba kalamu.
Mbwa: mweupe.