Kosa Lionekane

Kanuni ya kwanza, kabla hata ya kugusa mashine:
daftari la uwandani halina kifutio.
Ukikosea tarakimu, ipige mstari mmoja,
andika iliyo sahihi juu yake,
kosa lionekane.
Dokta Nkinda alizikusanya raba zetu darasani
kama mwenye duka anayedai madeni,
akazitia mfukoni, akasema: twende Ng'hong'ona.

Sikujua alikaa kwenye mashine, jicho lake halichezi.
Ndahani alishika daftari, kwa mwandiko wake wa karani.
Mimi, mfupi kuliko wote, nikapewa fimbo ya prizma.
Kazi ya fimbo ni moja: simama wima.
Kiputo kikae katikati ya duara
kama kiini cha yai,
nawe usipumue.

Lakini upepo wa Dodoma mwezi wa nane
haujasoma upimaji.
Unakuja na vumbi jekundu, unaingia masikioni,
unakutikisa kama mtu anayekung'uta gunia.

Mchoro wa mipango miji ulikuwa mweupe, mtulivu:
barabara ya mita kumi na tano, viwanja huku na huku,
kona zote zimenyooka.
Ardhini palikuwa na ua wa minyaa,
mashimo mapya ya mizabibu, samadi bado inanuka,
na mwanamke mwenye jembe
aliyetuuliza kama tungekunywa maji kwanza.
Mama Nyemo.
Nyemo, kwa Kigogo, ni furaha.
Nikamuuliza, kwa adabu ya mgeni: Nyemo yuko shule?
Akaonyesha kwa kidevu: yuko pale.

Mawe saba. Kopo la rangi.
Ndani ya kopo, ua la plastiki lililopauka.

Kigingi namba nne kilitakiwa kukaa
hatua moja nyuma ya mawe yale.
Yaani, Nyemo barabarani.

Mashine ilinitazama kutoka mita mia na arobaini.
Sikupanga. Naapa sikupanga.
Mkono uliegemea kidogo,
kiputo kikatoka kwenye duara
kama mtoto anayechungulia mlangoni,
nami nikapaza sauti: Tayari!

Jioni mahesabu yakakataa kufunga.
Unaanza pointi moja, unazunguka shamba zima,
unarudi pale pale,
kumbe si pale pale.
Sentimita kumi na moja.
Haziokoi hata jiwe moja kati ya yale saba,
ila zinatosha kuwarudisha watu juani kesho.

Nani alishika fimbo kituo cha nne?
Ndahani akaangalia viatu vyake.
Nikasema: mimi. Nikasema na sababu.
Dokta hakufoka. Alivua kofia,
akaipiga pajani, vumbi likatoka.
"Fimbo si mahali pa kusemea.
Una ukurasa mzima wa kulia, wa kuchorea.
Mbona umeuacha mtupu?"

Kesho yake nilisimama wima.
Upepo ulikuwepo; nilikuwepo zaidi.
Kigingi kikakaa kilipotakiwa kukaa,
na nyundo tuliyokipigilia
ilikuwa ya Mama Nyemo,
maana yetu ilikatika mpini.

Halafu nikamwomba Ndahani daftari.
Nikachora ua wa minyaa.
Nikachora mashimo ya mizabibu, kumi na tisa, niliyahesabu.
Nikachora mawe saba, nikapima umbali hadi kigingini:
mita moja, sentimita thelathini na mbili.
Nikaandika kwa penseli ngumu, ile inayokwaruza karatasi:
kaburi, mtoto, linatunzwa.

Kikao cha mipango miji hakijakaa bado.
Sijui barabara itapinda au haitapinda.
Huenda atakayesoma ana haraka, ana njaa,
ana mafaili mia.
Atakuta kituo namba nne,
tarakimu iliyopigwa mstari mmoja,
nyingine juu yake,
na upande wa kulia kitu
ambacho mchoro mweupe haukukijua.

Raba yangu bado iko mfukoni mwa Dokta.
Sijaidai.