Kitovu

Siku hiyo tulikuwa kumi na mmoja,
wengine mafua yaliwabakiza nyumbani,
na mwalimu Eila Kokkoniemi
alifuta ubaoni viazi vyetu vyote,
vile tulivyochora kwa chaki tukidai ni duara.

"Duara ni nini?"
Sahani, akasema Eino.
Jicho la samaki, akasema Veikko, mtoto wa mvuvi.
Mimi nikasema: kitu kisicho na kona.
Mwalimu akafungua mkoba wa chakula chake,
akatoa yai la kuchemsha,
akaliweka mbele yangu bila neno.
Nikaligeuza. Kona halina.
Nikanyamaza nalo.

"Vaeni makoti."

Ziwa lilianzia nyuma ya ghala la kuni.
Januari, saa nne asubuhi, jua ndio kwanza linajikongoja.
Mwalimu alikuwa ameazima keke la wavuvi;
akalizungusha mwenyewe, akitweta mvuke,
hadi maji meusi yakachungulia.
Akasimika humo fimbo ya skii.
"Hilla, shika hapa. Isilale."

Hilla alikuwa mgeni, wiki mbili tangu atoke Kemi.
Hatukuwa tumempa hata jina la utani,
na hilo lilikuwa baya kuliko kupewa.

"Wengine, hatua tano kutoka kwake,
kila mtu na upande wake."
Tukatembea. Eino ana miguu ya korongo,
Aune hatua zake ni za kifaranga.
Tulipogeuka kutazamana
tulikuwa kiazi tena,
kiazi kikubwa chenye kofia za sufu.
Mwalimu alicheka hadi akajishika kiuno.

Ndipo ikatoka mfukoni kamba ya kuanikia nguo,
kibanio kimoja bado kimeing'ang'ania.
Kitanzi akakitia kwenye fimbo,
ncha ya pili ikapita mkono kwa mkono.
"Ivute mpaka ikatae. Ikikataa, simama hapo.
Kamba haijui nani mrefu."

Tukasimama pale ilipokataa.
"Sasa je?"
Nikasema kuna mapengo;
kati yangu na Aune ng'ombe angepita, na ndama wake.
"Tukiita shule nzima?"
Mapengo.
"Tukiita nchi nzima, na Uswidi juu yake?"
Waswidi hawatakuja, akasema Veikko.

Mwalimu akafunga msumari kwenye ncha,
akainama, akatembea kinyumenyume,
msumari ukiikwaruza barafu, krrr, krrr,
mstari mweupe, mwembamba,
ukapita chini ya vidole vya viatu vyetu,
hakukosa hata mmoja,
ukarudi ulikoanzia ukajiuma mkia.
"Huu tu. Si barafu iliyo ndani.
Huu mstari."

"Na mimi?" akauliza Hilla.
"Wewe ni kitovu."
"Kitovu kimo kwenye duara?"

Mwalimu alikuwa na theluji kwenye kope.
Angeweza kudanganya; nadhani alitaka.
"Hapana," akasema. "Hakimo.
Lakini kiondoe, uone kama kamba itajua pa kukataa."
Hilla akaitikia kwa kichwa
kama mtu anayepewa habari aliyokwisha kuisikia.
Fimbo hakuiachia.

Kesho yake tuliandika madaftarini, kila mtu kwa maneno yake.
Zamu ya kugawa yaliyosahihishwa ilikuwa yangu,
na la Hilla nililifungua njiani, sitakataa.

*Duara ni watu wote walio mbali nami sawasawa.*

Kalamu nyekundu ilikata *watu*,
juu yake ikaandika *nukta*.
Hiyo *nami* iliachwa ilivyo.
Kumi juu ya kumi.

Baada ya chakula nilipima kwa rula
toka dawati langu hadi lake:
sentimita tisini na mbili.
Nikalisukuma langu.
Sakafu ilipiga kelele, darasa zima likageuka.