Kumi na Tatu

Juni, Iyunga. Ukungu umeshuka kutoka Loleza
hadi kwenye kioo cha chumba cha uani,
na mafuta ya cherehani yameganda
ndani ya giaboksi isiyozidi punje ya haragwe.
Basi leo simlaumu Kumi na Tatu akigoma.
Hata goti langu, kabla ya chai, ni hivyo hivyo.

Nampasha kwanza. Namlaza kiganjani,
kiganja cha vidole vitatu
(viwili vilibaki kati ya mabehewa ya shaba
mwaka ule wa mvua nyingi, sisemi zaidi),
nageuza gurudumu kwa ncha ya kucha:
fimbo inakwenda, inarudi, inakwenda.

Tusekile, mjukuu wangu, haachi kuuliza.
"Babu, si uliendesha dizeli?
Mbona hapa mezani unafuga mvuke?"
Sikuendesha, mama. Nilishanti.
Nilining'inia ngazini na bendera, usiku, baridi ikiniuma masikio.
Na dizeli ni kabati lililofungwa;
likiugua, utajuaje? Lakini huyu
mifupa yake yote iko nje,
akichechemea unaona mguu upi.

Kuna na yule mwingine, Nane,
aliyeachwa na daktari Mjerumani alipoaga.
Mweusi, anang'aa, ana taa.
Gusa swichi tu, ameshafika ukutani.
Wageni humpigia makofi.
Mimi namfuta vumbi, namrudisha rafuni.
Mbio kila mtu anazo.
Kushanti ni kufika bila kubisha.

Kipimo changu ni njiti ya kiberiti
iliyosimama wima juu ya behewa la mwisho.
Kichwa kije, kiguse, kinase ndoano, kivute,
njiti isianguke.
Nane: mara kumi, njiti kumi chini.
Kumi na Tatu: mara kumi, saba zimesimama,
na zile tatu, kusema kweli,
ziliangushwa na malori ya Tunduma.

Ana ila yake, sikatai.
Magurudumu manne tu, tena yamebanana.
Penye moyo wa pointi, pale reli inapokosa umeme
urefu wa punje moja ya mchele,
alikuwa akizimika. Kimya. Kama aliyesahau alichofuata jikoni.
Miaka miwili nilimsukuma kwa kidole,
nikitazama pembeni, nisimwaibishe.

Mwasanguti wa matairi, Mwanjelwa,
alinipa risasi za kusawazishia magurudumu.
"Mzee, kumbe una gari?"
Ninalo. Lina gramu mia mbili.
Nikaziyeyusha kwenye kopo la samaki,
nikamjaza tumbo, akashika reli.
Bado akazimika.

Ndipo nikafungua redio ya Subilaga,
ile aliyosikilizia matangazo ya vifo kila saa mbili usiku
mpaka lake likasomwa. Tangu hapo haikuwashwa.
Nikatoa waya mwembamba kuliko unywele wake,
nikakata vipande vinne, nikavikunja,
kila kimoja kikalamba gurudumu lake.
Sikumwambia mtu. Nawaambieni ninyi.

Umeme umekatika, tunatumia betri ya pikipiki.
Ni afadhali: umeme wa betri hautetemeki.
Reli nimezisugua kwa spiriti tangu jana,
mbao za Sao Hill zimejikunja kidogo na unyevu,
nimeweka kipande cha kadi chini ya njia ya tatu.

Nazungusha kitufe upana wa nywele.
Hakuna kitu.
Upana mwingine.
Fimbo inashtuka, inawaza, inakwenda.
Tusekile anahesabu mataruma kwa sauti ya chini:
moja.
Chai yangu inapoa.
Mbili.
Namba nne anaukanyaga moyo wa pointi,
anasita, au ni mimi niliyesita,
anavuka.

Ndoano imeshika.
Njiti imeinama upande wa dirisha.
Barabarani kuna lori linapanda, nalisikia likibadilisha gia.

Mama, usipumue.