Uzi wa Mluzi

Miaka minne tulimsingizia nyuki.
"Kakuachia mwiba chini ya sikio, Nyamizi,"
walisema wanunuzi wa asali pale stendi ya Sikonge,
nami nikacheka, nikashusha kilemba
upande wa kushoto.
Lakini uvimbe wa nyuki hunywea siku ya tatu.
Huu ulikaa kama mpangaji:
kwanza punje ya karanga, kisha yai la kanga,
hauumi, hauhami.

Tabora mjini, Daktari Mgalula hakuugusa kwanza.
"Kunja paji la uso.
Fumba macho, nijaribu kuyafumbua nishindwe.
Onyesha meno.
Piga mluzi."
Nikapiga ule wa kumwita mbwa wangu kutoka porini.
Benchi zima la wagonjwa likageuka.
Akaandika.
"Uleule nitakudai baada ya kazi.
Ndani ya tezi hiyo ya mate umepita uzi mmoja,
una matawi matano kama kiganja.
Sianzi na uvimbe. Naanza na uzi."

Hilo nalijua.
Mrina mwenye pupa hupasua mzinga kwa shoka,
akala asali mara moja,
mwakani akakuta mjusi.
Mwenye kazi yake hufukiza moshi, hungoja,
huliuliza kila sega:
wewe ni la asali, au la majana?

Niliamka na mrija nyuma ya sikio
ukidondosha maji mekundu kwenye kichupa.
Nilitaka kuung'oa.
Sista Kabula akanidaka mkono:
"Yasipotokea huku yatatuama chini ya ngozi.
Bora kichupa kijae kuliko shavu."
Akanikaza bandeji kichwani.
Binti yangu Nyanzobe akasema nafanana na mzigo wa tumbaku.
Nilipocheka, upande mmoja tu ulicheka.

Pembe ya mdomo ililala.
Jicho lilifunga likabakiza ufa mweupe.
"Uzi haujakatika," alisema daktari,
"umechoshwa na kuguswaguswa, utaamka.
Lakini jicho halitausubiri."
Basi usiku, dawa ya mafuta ndani ya kope
na plasta juu yake;
mchana matone, na miwani ya Nyanzobe
kwa lile vumbi jekundu la kurudi nyumbani.
Asubuhi, mbele ya kipande cha kioo:
a, e, i, o, u,
jirani akichungulia, akidhani najifunza kusoma.

Mama mkwe alileta unga wa mizizi, nipake kidondani.
Nilimshukuru kwa mikono miwili.
Alipoondoka nikaufukia.
Kovu lenyewe dogo, daktari alilipitisha
kwenye mkunjo mbele ya sikio, kama pindo la gauni,
nami nikalifunika na jua kwa kofia ya ukindu
mpaka likasahau kuwa jekundu.

Yote hayakurudi, nisiwadanganye.
Ncha ya sikio ni ya mtu mwingine,
hereni naivaa kwa kukisia.
Pana kishimo palipokuwa na yai.
Na nikila ukwaju, shavu linatoka jasho
wakati paji ni kavu;
alinionya mapema, sikushtuka:
mate yamekosa mlango, yanapitia dirishani.
Nafuta kwa leso, naendelea kula.

Wiki ya kumi na moja nilirudi kwenye mizinga.
Nikawasha majani makavu, nikapuliza.
Pumzi haikuvujia pembeni.
Sikumwambia mtu.
Nikaweka kifukizo chini,
nikakaza midomo, nikajaribu.

Ulitoka mwembamba, una kutu,
nusu yake hewa.
Mbwa aliinua sikio moja.
Akanitazama kama anayemkumbuka mtu,
kisha akaja,
polepole, huku akinusa.